Wa Kwetu Mwisho

Ramadhani, 21

Daftari hili alilinunua mjukuu wangu Anli ili ajifundishie mtihani. Nimelichukua mimi, kwa sababu yeye hesabu anazifanya kichwani na karatasi anawaachia mende, na mende hawajui kusoma. Mimi najua kidogo. Chuoni nilifika juzuu ya Amma, nikafukuzwa kwa kumfunga mbuzi juu ya msala wa mwalimu. Kwa padri nilikaa mpaka siku waliyotaja ubatizo, nikakumbuka nina kazi nyumbani. Kwa elimu hiyo naandika. Atakayecheka mwandiko na acheke, mvua hii haina mchezo mwingine.

Habari ndiyo hii. Hapa Palma, posto, ofisi ya serikali ya wazungu, wanatafuta mtu wa kupanga kazi. Si karani wa kunakili. Wanataka mtu ambaye ukimpa jambo lililovurugika anakutolea njia yake: kwanza fanya hiki, kisha hiki, na hiki kikikataa, fanya kile. Mtihani ni wa mdomo, mbele ya shefe, mkuu wa posto, na kapiteni wa tropa, jeshi lao, baada ya Idi. Aliyetuletea habari ni jirani yetu Tuaibo, sipai, askari wa posto, ambaye harufu ya futari huifuata kama inzi. Alipokwisha kula akasema la pili, kwa sauti ndogo: vijana wasio na kazi ya serikali watachukuliwa kwenda kufyeka barabara ya Pundanhar.

Mwanaamina, mke wa Anli, akaweka bakuli chini.

Barabara ile ndiyo iliyomchukua mwanangu Mshamu, baba yake Anli, masika yaliyopita. Alikuwa anafyeka majani, panga likagonga bomu lililofukiwa. Waliotega ni ndugu zetu wa msituni. Waliomlazimisha kufyeka ni serikali. Aliyekufa ni wangu. Tulizika kile alichokileta sipai ndani ya gunia, na tulimwosha kwa kukisia.

Kwa hiyo Anli atafaulu. Sijui vipi, lakini atafaulu.

Ramadhani, 22

Mvua. Nimefunga mpaka adhuhuri, zaidi ya hapo ni siri yangu na tumbaku yangu.

Ramadhani, 24

Somo la kwanza. Nilimwambia Anli akae mbele yangu, mimi ni kapiteni. Nilivaa kata ya Mwanaamina ya kubebea kuni kama kofia ili nitishe.

"Una chui, mbuzi na mzigo wa majani," nikasema. "Mtumbwi unabeba wewe na kimoja tu. Vusha."

Akajibu kabla sijafunga mdomo. Mbuzi kwanza, kisha nini, kisha nini. Kila mtoto wa pwani hii analijua.

"Vizuri. Sasa mtumbwi unavuja."

Akatazama chini, kwenye vidole vya miguu yake, kama vile jibu limeandikwa kwenye kucha.

"Mbona husemi?"

"Nafikiri, babu."

"Fikiri kwa mdomo. Wewe ukinyamaza, mzungu anadhani umelala. Mtihani huu hawataki jibu lako, jibu wanalo. Wanataka kuona kichwa chako kinavyotembea, kinapojikwaa, kinapoinuka. Halafu niulize. Unavuja kiasi gani? Nina kitu cha kuchotea maji? Jambo nimekupa nusu makusudi."

"Nikuulize wewe, babu?"

"Niulize mimi, kapiteni."

"Si adabu kumhoji mkubwa."

Hapo ndipo nilipojua ugonjwa uko wapi. Tumemlea vizuri mno.

Ramadhani, 26

Somo la utovu wa adabu. Nimemfundisha kutazama mtu machoni. Anafumba jicho moja kama anayelenga ndege. Mwanaamina amecheka mpaka akashika kiuno.

Ramadhani, 27

Nilimweleza jinsi nilivyopimwa mimi, ujanani, nilipotaka kazi ya mizani pale forodhani. Mzungu aliniwekea komwe tisa za bao, moja tupu ndani, nyepesi kuliko zenzake, akaniambia niitafute kwa kupima mara mbili tu. Nikamwambia mimi nitaziuma zote, itakayopasuka ndiyo. Alicheka, akaniajiri kubeba mizani, si kupima.

Anli alifikiri, safari hii kwa mdomo. "Nagawa mafungu matatu. Fungu kwa fungu. Likiinuka moja, imo humo. Yakilingana, imo kwenye lile nililoliacha chini. Kisha moja kwa moja."

Nikamuuliza, na ikiwa hakuna komwe tupu, kapiteni amekudanganya?

"Nitamuuliza kwanza kama ana hakika."

Nilitoka nje kutazama mvua ili asione uso wangu. Mshamu hakuwa na kichwa hiki. Mshamu alikuwa na mabega.

Mfungo Mosi, 1. Idi

Dada yangu Biubwa amekuja kutoka Mkwajuni, amepakiwa nyuma ya baiskeli ya mkwe wa jirani yake, mguu wake wa matende umening'inia kama mzigo wa pili. Mvulana alishuka amelowa jasho.

"Umemuua mtoto wa watu," nikamwambia.

"Wewe Saburi bado uko hai? Nilikuja kula hitima yako."

"Subiri, nakutanguliza wewe."

Yeye ni mkubwa wangu, na tangu tuko watoto tunagombania ukoko. Nyumbani kwetu mama alikuwa anapakulia wageni kwanza, kisha wazee, kisha watoto wa jirani waliozubaa mlangoni, na sisi wa nyumbani mwisho kabisa. Wa mwisho alibaki na chungu, na chungu kina ukoko. Biubwa anasema nilimlia ukoko wake siku ya harusi yake. Ni kweli, na ulikuwa mtamu.

Leo Mwanaamina alipakua wali wa nazi. Sinia lilipofika kwa Anli akalisukuma kwa Tuaibo, aliyekuja bila kuitwa, kisha kwa yule mvulana wa baiskeli, kisha kwangu na kwa bibi yake Biubwa. Yeye akala mwisho. Biubwa akamkwangulia ukoko kwa mkono wake, akamtia mdomoni kama kifaranga.

"Huyu ndiye aliyelelewa," akasema. "Si kama babu yake."

Mfungo Mosi, 3

Biubwa karudi kwake. Mpunga wake hauwezi kulala peke yake, anasema.

Mfungo Mosi, 9

Mvua. Mvua. Tumerudia chui na mbuzi mpaka mbuzi mwenyewe angechagua kuliwa.

Mfungo Mosi, 12

Leo ndiyo siku. Anli alivaa shati la marehemu baba yake. Nilimpa ya mwisho: ukikwama usidanganye, sema hapa sijui, lakini ningeanza hivi. Wakibadilisha jambo katikati usikasirike, ndiyo mchezo wao. Na usijiweke nyuma. Akasema ndiyo, babu, macho chini. Nikampiga kofi la bega, akayainua.

Amerudi alasiri amelowa, anacheka. Naandika kama alivyonisimulia.

Walimkalisha kwenye kiti, jambo lililomwogofya kuliko yote. Kwanza shefe akamuuliza vitu vyepesi, vya klasi ya nne, kuona kama atajivuna. Kisha kapiteni akachora ubaoni. Barabara moja kutoka hapa kwenda bara. Vijiji vitano. Malori matatu. Daraja moja la magogo. Watu wote waletwe Palma kabla mvua kubwa haijakata njia. Panga.

Mjukuu wangu akatazama machoni, akauliza. Watu na mizigo yao, au watu peke yao? Kapiteni akamtazama shefe, akasema swali zuri, watu peke yao. Daraja linabeba malori mangapi kwa pamoja? Moja. Wanaoweza kutembea watembee? Watembee. Anli akafikiri kwa mdomo, kama nilivyomfundisha. Vya mbali kwanza, kwa sababu njia ya mbali ndiyo itakayokatika mapema. Lori lisirudi tupu wala lisisubiri lenzake darajani. Wasio na miguu ya kutembea wapande, wengine wafuate. Kapiteni akambadilishia: lori moja limekufa. Anli akapanga upya. Wakanyamaza, naye akakumbuka kwamba kunyamaza kwao ni sehemu ya mtihani, akaendelea.

Mwisho vikabaki vijiji viwili, Nnimba na Mkwajuni, kila kimoja kwenye njia yake ya kando, umbali sawa, watu sawa. Vijiji vyote kapiteni alivitaja kwa majina ya kweli, ili Anli aelewe. Kapiteni akauliza, hapa unaanza na kipi?

"Nikasema Nnimba," Anli alituambia.

"Kwa nini?" Mwanaamina akauliza.

"Mkwajuni ni kwetu. Bibi yuko kule. Ningewaanza wa kwetu mbele za watu?"

Nikamwambia umefanya vizuri. Daftari sitalidanganya, basi na liseme: nilimsifu.

Mfungo Mosi, 15

Amepata kazi. Kapiteni alisema hajapata kuona mweusi anayeuliza hivyo. Mwanaamina amelia, nimemtania kwamba anaililia barabara. Jioni sipai walipita kukusanya vijana wa kufyeka. Kwetu hawakugonga. Kwa jirani waligonga.

Mfungo Mosi, 22

Leo sina habari ila mvua.

Mfungo Pili, 4

Wanajenga seng'enge upande wa kaskazini mwa mji. Ukubwa wake si wa ng'ombe.

Mfungo Pili, 6

Anli amerudi hakula. Nikamtania kwamba kazi ya serikali humshibisha mtu kwa harufu. Hakucheka. Aliketi kwenye mkeka na shati la baba yake bado limelowa.

"Babu, vijiji ni vya kweli."

"Najua ni vya kweli, Mkwajuni ni kwa dada yangu."

"Malori ni ya kweli. Wanaanza kesho kutwa. Watu wote wa barabara ile wanaletwa ndani ya seng'enge, ili watu wa msituni wasipate chakula kwao. Wanafuata mpango wangu."

Nilimuuliza kama ameomba kuubadili.

"Niliomba. Kapiteni akasema mpango ni mzuri mno, umekwishapelekwa juu. Akanishika mkono, babu. Alinishika mkono."

Mwanaamina akasema kutoka jikoni, polepole, kwamba basi bibi ni wa mwisho. Sote tukamwangalia. Kisha mimi, mzee mwenye busara za kuuza, nikasema: afadhali. Wa mwisho atavuna.

Mfungo Pili, 9

Anli amenipatia guia, karatasi ya kusafiria. Nilitoka jana alfajiri kwa mguu kwenda Mkwajuni. Malori yamenipita njiani yanakwenda bara tupu, na niliporudi jioni yamenipita yanarudi yamejaa. Watu wamesimama wamebanana, hawana hata sufuria. Mama mmoja alimshika jogoo, askari akamtupa jogoo chini. Yule jogoo alifuata lori mbio kwa kitambo, na mimi, ambaye hucheka kila kitu, sikuona pa kucheka.

Biubwa nilimkuta amekaa mlangoni, mguu juu ya kinu, anafukuza ndege wa mpungani kwa matusi. Matusi yake yanafika mbali kuliko jiwe.

Nilimwambia yote. Nikamwambia twende leo, nitamtafuta mvulana wa baiskeli.

"Mpunga umebeba mimba, Saburi. Nani huiacha mimba?"

"Watauchoma."

"Wakija watauchoma. Si umesema mimi ni wa mwisho?"

"Wa mwisho."

"Nani kapanga hivyo?"

"Mjukuu wako."

Akacheka, meno yake yale mawili. "Amenikumbuka. Wa mwisho ndiye mwenye ukoko. Nikivuna hata kapu mbili, huko kwenye zizi lenu sitaomba mtu."

Nami nikaona hesabu yake ni sawa. Nilimuuliza yote niliyomfundisha Anli kuuliza, ila moja sikuliuliza: mtumbwi ukivuja je? Tulikula muhogo. Alinifungia mwingine wa njiani, akasema nisiule wote kabla ya mtoni kama mbwa. Niliula wote kabla ya mtoni.

Mfungo Pili, 17

Mvua haikukata tangu juzi.

Mfungo Pili, 20

Wameleta vijiji vitatu. Ndani ya seng'enge watu wanalala chini ya makuti mabichi. Anli anapita pembeni, njia ya nyuma, asionekane.

Mfungo Pili, 23

Nnimba wamefika. Mzee mmoja wa Nnimba aliambiwa nani alipanga, akamtafuta Anli, akamshukuru kwa kuwatanguliza kabla mto haujajaa. Alimshika mikono yote miwili.

Mfungo Pili, 24

Daraja limekwenda. Magogo yote, Tuaibo anasema, kama vijiti vya kusafishia meno. Malori yamesimama posto, madereva wanacheza karata.

Anli amekwenda kwa kapiteni. Amesema tupeni mitumbwi, tupeni watu kumi, mimi nitakwenda mwenyewe. Amemtazama machoni, sikuwepo lakini najua alimtazama. Kapiteni akamwambia kijiji kimoja kilichobaki hakina haja ya malori tena, njia nyingine imepangwa. Hakusema nani aliipanga.

Mfungo Pili, 25

Moshi upande wa bara. Mvua inanyesha na moshi bado unapanda. Mwanaamina amefunga dirisha.

Mfungo Pili, 26

Guia yangu imekwisha muda. Nimekaa mlangoni kwa Tuaibo tangu asubuhi nikimwomba aniache nipite kizuizi cha njia ya Mkwajuni. Tuaibo aliyekula futari yetu. Akasema, "Mzee Saburi, nikikuacha watanipiga risasi mimi, kisha wewe." Alilia aliposema, kwa hiyo sikumtukana. Nilirudi nyumbani.

Mfungo Pili, 27

Mvua.

Mfungo Pili, 28

Mvua.

Mfungo Tatu, 2

Amekuja Cadija, jirani yake Biubwa, mama wa mkewe yule mvulana wa baiskeli. Alitokea msituni usiku uliopita, askari wakamkamata pwani wakamtia ndani ya seng'enge. Anli alimtoa kwa karatasi ya kazi. Amekaa kwenye mkeka wetu, miguu imechubuka, akaongea akitazama ukuta.

Tropa walikuja kwa miguu kupitia upande wa kusini. Walichoma nyumba kwanza, kisha ghala. Mpunga mbichi haukushika moto, wakaukanyaga. Watu wakakimbilia mtoni ili wavuke kwenda kwa watu wa msituni. Baiskeli iliachwa. Cadija na mkwewe walimbeba Biubwa kwenye kitanda cha kamba.

"Mtoni maji yalikuwa kifuani," Cadija alisema. "Tulikuwa wengi na mtumbwi mmoja wa kuvulia, unavuja. Akatuambia tumweke chini, tuvushe watoto kwanza. Nikasema shangazi, wewe kwanza, wewe una mguu. Akasema, wapeni wa watu kwanza. Mimi ni wa nyumbani."

Anli alikuwa amesimama mlangoni. Hakutoka, wala hakuingia.

"Tulivusha watoto. Tukarudi, maji yalikuwa yamepanda ukingo. Kitanda hakikuwepo pale tulipokiweka."

Kisha Cadija akanigeukia mimi. "Kabla hatujavuka alinipa neno lako. Mwambie Saburi, amesema, ukoko ule wa harusi nimemsamehe, lakini muhogo najua aliula kabla ya mtoni."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka Mwanaamina akaja akanishika kichwa akakiweka begani kwake, nikajua kwamba sicheki.

Mfungo Tatu, 3

Tumemsomea bila maiti, kama tulivyomzika baba yake Anli karibu bila maiti. Familia yetu ina mazoea.

Mfungo Tatu, 10. Idi ya kuchinja

Hatukuchinja.

Mfungo Tatu, 13

Anli bado anakwenda kazini. Nilimwambia aache, akasema akiacha kesho yuko barabarani na panga, na Mwanaamina ana mimba. Hilo la mimba sikulijua. Nimefurahi kwa kitambo kidogo, kama mtu anayepasha mikono kwenye moto wa jirani.

Jioni aliniuliza, "Babu, ningeanza na Mkwajuni, Nnimba wangekufa?"

Nikamwambia labda.

"Kwa hiyo jibu lilikuwa lipi?"

Mfungo Tatu, 21

Mvua imepungua. Kunguru wamerudi.

Mfungo Nne, 2

Amekuja kijana Ussene, mtoto wa mshona nguo, amevaa shati la kuazima. Posto wanataka mtu wa pili wa kupanga, kazi imekuwa kubwa. Na barabara bado inafyekwa. Amesikia kwamba mimi ndiye niliyemfundisha Anli. Ameniletea tumbaku.

"Babu, niambie wataniuliza nini."

Nilitaka kumfukuza. Nikamtazama: mabega kama ya Mshamu, na hofu ile ile. Nikamwambia akae.

"Watakuanza na vyepesi ili waone kama unajivuna. Kisha watakupa jambo nusu, uliza nusu iliyobaki. Fikiri kwa mdomo. Watalibadilisha katikati, usikasirike. Wakinyamaza, endelea. Usipojua, sema hujui."

"Ndiyo, babu." Macho chini.

"Inua macho. Bado. Wakichora barabara, uliza ni barabara ipi. Wakisema watu, uliza ni watu gani, na wanapelekwa wapi, na nani kawauliza wenyewe. Hapo labda hawatakupa kazi."

"Na wakinipa?"

"Wakikupa, wamekupa. Wakikutajia kijiji unachokijua, weka hicho mbele. Wakuone huna adabu. Mama yako akuone huna adabu. Ukirudi hapa, mimi nitakupakulia kwanza."

Alikuwa ananitazama sasa, machoni kabisa, kama mtu aliyepotea anavyomtazama aliyempoteza. Sikujua kama amenielewa. Alishukuru, akaenda.

Usiku Mwanaamina alipakua. Wageni hawakuwepo. Sinia lilifika kwa Anli, naye kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakulisukuma. Alitia mkono wa kwanza, mbele yangu. Hakuna aliyemgombeza. Alilitia tonge mdomoni, akakaa nalo.

Chungu kilibaki jikoni. Ukoko ulikuwemo, hakuna aliyeukwangua. Asubuhi yake nimeukuta umelowa, mvua imepenya kwenye makuti.